Ada ya Mwaka, na Nyanya Ambaye Hukumwona

Wairimu, mama,

Najua hujalala. Nasikia zipu ya sanduku lako ikifunguliwa na kufungwa huko juu, na mimi niko hapa jikoni, hasira ya Jumapili bado haijanitoka. Sitapanda kuja kugonga mlango. Tukianza kuongea tutaongea Kizungu, na mimi nikikasirika kwa Kizungu huwa natoa maneno makavu kama barua ya kudaiwa kodi ya nyumba. Kwa hivyo nakuandikia Kiswahili. Utasoma polepole. Neno likikushinda usimuulize mama yako, maana yeye hadithi hii anaijua kwa upande wake, na upande wake haunipendelei hata kidogo. Mpigie shangazi yako Leicester.

Mambo ya koti, ya dawa za pumu, ya kutotembea peke yako gizani, mama yako amekwambia mpaka ukamwomba anyamaze. Mimi nina jambo moja tu, lile lile lililoharibu chakula cha Jumapili. Kadi.

Ulinyanyua simu juu ya sahani ya mukimo ukatuonyesha kadi ya mkopo unayotaka kuchukua ukifika Perth, huko upande wa pili wa dunia. Ukasema inakupa pointi nyingi za ndege ukianza tu kuitumia, kwamba ada ya mwaka wa kwanza hulipi, na kwamba kwa hizo pointi utakuwa unakuja Birmingham kila Krismasi. "Kwa hivyo usilie, Dad," ukasema, unacheka. Nami nikaipiga meza na kukuita mjinga. Ukauliza, "Kwani shida ni nini? Ni kadi tu." Mama yako aliniangalia, kisha akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Yeye alijua shida ni nini. Wewe hujui, kwa sababu tulikudanganya.

Tulikwambia kwamba hukuwahi kumwona nyanya yako, yule mwenye jina lako, kwa sababu ya makaratasi. Eti tulikuwa tunangoja vibali vya kukaa nchi hii, na tukitoka hatungeruhusiwa kurudi. Uongo mtupu. Makaratasi yetu yalitoka ukiwa na miaka sita. Tangu siku hiyo hakuna serikali iliyokuzuia. Nilikuzuia mimi, na nilikuzuia kwa kadi kama hiyo yako.

Kwetu binti wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Hilo unalijua, uliliandikia hata insha shuleni, na mwalimu akakuwekea nyota. Usilolijua ni vile mwenye jina anavyolichukua. Kwa mama yangu wewe hukuwa mjukuu. Ulikuwa yeye. Akinipigia simu hakuuliza kama mtoto hajambo. Aliuliza, "Mimi nimeanza kutembea?" Aliuliza, "Mimi nimeota meno mangapi?" Ulipovunjika mkono kwa trampolini ya jirani, alisema mkono wake unamuuma na akakataa kukama ng'ombe siku nzima. Na mtoto wa jina hupelekwa kuonwa, Wairimu. Mwenye jina anamshika, anamgeuza huku na huku, anamtemea mate kidogo kifuani, na hiyo ndiyo baraka. Haitumwi kwa simu. Kila Jumapili mama yangu aliniuliza, "Kwani mimi nitajiona lini?"

Mama yako alisema twende mara moja, na tiketi ya kawaida, hata ikiwa ni kubadilisha ndege mara mbili na kulala kwenye viti vya uwanja. Alikuwa amepiga hesabu, pesa zilikuwepo. Mimi nikasema hapana.

Sababu yake ni ya aibu, lakini nitakwambia. Siku ya kuniaga, ndugu yangu mkubwa, baba yako mkubwa Gathogo, alisimama mbele ya watu waliochanga nauli yangu akasema, "Huyu mtamwona akirudi na mfuko wa nailoni." Watu walicheka. Nami nilicheka, ningefanya nini? Lakini nilikuja na kile kicheko mpaka Erdington. Nilikuwa nacho kwenye basi la alfajiri, nilikuwa nacho nikiwabadilisha wazee nepi pale Acocks Green, na nikaapa kwamba nikirudi nitarudi mtu. Nitakaa mbele ya ndege, kwenye kiti kinachogeuka kitanda, mimi na mke wangu na binti yangu. Tutateremka wa kwanza.

Sasa nikuulize wewe mwenye akili: nani huona ulikaa kiti gani? Watu wa kukupokea wako nje kabisa, nyuma ya vyuma, na abiria wote wanatokea mlango mmoja wakisukuma mizigo. Ningekaa na rubani, Gathogo asingejua. Hilo halikunijia akilini hata siku moja.

Habari za kadi nilizipata kazini. Kulikuwa na daktari mmoja aliyekuja kila wiki kumwona mama yake pale kwenye nyumba ya wazee, mtu mwema, na akanieleza vile yeye na mkewe husafiri wakiwa wamelala kama wafalme kwa pointi tu. Unatumia kadi kwa kila kitu, kuanzia maziwa hadi bima ya gari. Matumizi yakifika kiasi fulani kwa mwaka, unapewa vocha: ukikata kiti kimoja kwa pointi, mwenzako anapanda bure. Bure! Lile neno lilinimaliza. Daktari hakunidanganya. Yeye kadi ilimfaa kwa sababu alisafiri kila mwaka, tena wakati wowote alioambiwa viti viko. Mimi nilikuwa mtu wa zamu na mtoto wa shule, nilitaka Desemba tu, kama Wakenya wote wa nchi hii. Tena vocha ni ya watu wawili. Sisi ni watatu.

Ada ilikatwa kila Oktoba. Ilikuwa karibu nusu ya nauli yako ya kwenda Nairobi wakati huo, na sikuiona hivyo hata mara moja. Niliiona ni kama mbegu. Mwaka wa kwanza pointi hazikutosha. Wa pili zilitosha, lakini viti vya Desemba vilikuwa vimechukuliwa na watu wanaoamka usiku wa manane kuvivizia. Halafu shirika likapandisha idadi ya pointi, kwa hivyo tulirudi nyuma. Halafu vocha ikaisha muda wake kabla hatujaitumia, na ili kupata nyingine ilibidi kuanza kutumia upya, na ada ikapanda pia. Mama yako aliniambia, "Baba Wairimu, si uifunge hiyo kitu?" Nikamwambia haelewi. Nikiifunga, pointi zote zinapotea, na ada zote tulizolipa zimekwenda na maji. Kwa hivyo nililipa ya mwaka huo ili kuziokoa za miaka iliyopita. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Kadi hiyo ilikuwa inaniruhusu pia kuingia sebule ya wasafiri uwanjani, ile ya viti laini na vinywaji. Mimi, ambaye sikusafiri. Nililipia sebule miaka yote hiyo na sijui hata mlango wake uko wapi.

Kuna jambo jingine ambalo hata mama yako halijui lote. Unamkumbuka Mama Shiko, wa ushirika wetu wa Northfield? Mumewe alipofariki tulikutana ukumbini kuchanga gharama ya kumsafirisha nyumbani. Mchango ulikuwa unakwenda pole pole na mwili uko kwenye baridi, unalipiwa. Nikasimama. Nikasema, jamani, mimi nitalipa yote kesho kwa kadi yangu, nyinyi mtanirudishia taratibu. Watu walipiga makofi. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani. Mama Shiko alinishika mikono yote miwili akaniita ndugu yake, analia, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikihesabu pointi. Ule ulikuwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa kadi, na nilikuwa nimepungukiwa matumizi ya kupata vocha. Maiti ya yule bwana ilinifikisha.

Michango ilichelewa, kama inavyochelewa. Wengine walilipa nusu, wengine walihama. Huwezi kumdai mjane. Riba ya kadi ikaanza kukimbia, na ikala faida yote ya zile pointi, na mashati yangu juu. Unakumbuka msimu ule nilikuwa nafanya zamu za usiku mfululizo, na sikuja kukuona ukiimba kwenye tamasha la shule? Mama yako alikwambia kazini wamepungukiwa watu. Vocha yenyewe ilikuja. Nilimsafirisha mume wa mwenzangu kwenda kwao ili nipate vocha ya kukupeleka wewe kwenu, na bado sikukupeleka.

Kazini tulikuwa na mama mmoja Mkongomani, Mama Béa. Yeye alikuwa akienda Lubumbashi kila akipata likizo, kwa tiketi za ajabu ajabu, ndege tatu, siku mbili njiani. Siku moja alinikuta na simu nikitafuta viti vya pointi wakati wa chai, akacheka mpaka akashika meza. "Papa Wairimu, weye unalipa ile kadi kila mwaka, na hauendeke! Miye nalala chini ku aéroport, nafika miguu yote inavimba, mais maman ananiona." Yaani, lakini mama yake anamwona. Nilimjibu kwamba mimi siwezi kulala chini kama mzigo. Hakukasirika. Alichukua kikombe chake akaondoka.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano Gathogo aliponipigia. Ilikuwa Novemba, niko kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimevaa sare mguu mmoja. "Mama ametuacha." Alikuwa ameanguka akitoka zizini.

Sikulia. Unajua nilifanya nini? Nilipiga simu shirika la ndege kuuliza viti vya pointi. Nilikuwa na vocha, nilikuwa na pointi rundo, nikafikiri basi, wakati wake ndio huu. Binti aliyeshika simu alikuwa mpole, Kizungu chake cha hapa hapa kwetu. Akatafuta, akasema viti vya mbele vya pointi hakuna mpaka Februari. Nikampigia kelele. Nikamwambia afunge kadi yangu sasa hivi, pointi azichome, azitupe, sitaki kuziona. Akangoja nimalize. Akasema kadi si yao, ni ya benki, na nikiifunga pointi haziguswi, kwa sababu zikishaingia kwenye akaunti ya shirika ni zangu. Ningeweza kuifunga mwaka wowote. Benki yenyewe, akasema, ina kadi nyingine ya aina hiyo hiyo isiyo na ada, watu wengi huhamia huko.

Kumbe! Miaka yote hiyo sikuwahi kupiga simu kuuliza. Mwanamume mzima, naogopa kuuliza swali nisionekane mshamba.

Halafu akasema kitu cha mwisho, na alikisema kwa wema, akidhani ananisaidia. Aliniuliza kama nimewahi kuangalia viti vya kawaida, vya nyuma. Akasema pointi nilizonazo zinatosha watu watatu kwenda na kurudi. Nikamuuliza, tangu lini? Akaangalia. Akasema, "Kitambo sana, bwana." Sikumwuliza tena ni kitambo kipi. Nilikata simu na kukaa pale na suruali mkononi.

Wiki ile hata vya nyuma vya pointi vilikuwa vimeisha, kwa hivyo nililipa tiketi ya bei kamili, moja, ya kwangu peke yangu, maana wewe ulikuwa na mitihani na za watu watatu hazikuwezekana. Nililipa kwa kadi ile ile, sikuwa na nyingine. Nikiwa kwenye foleni ya uwanja barua pepe ikaingia. Walikuwa wananipongeza. Kwa tiketi ya matanga ya mama yangu nilikuwa nimejipatia pointi mara mbili.

Gathogo alinipokea. Amezeeka, ananishikilia analia begani kwangu. Njiani nikamkumbusha maneno yake ya mfuko wa nailoni, kwa uchungu, nikitaka ajue alichonifanyia. Akaniangalia hivi. "Mimi nilisema hivyo? Lini?" Hakukumbuka. Hata kidogo.

Kwenye chumba cha mama kulikuwa na kitanda chake, na kando ya ukuta godoro dogo, bado limefungwa na karatasi yake ya dukani. Nikauliza ni la nani. Mke wa Gathogo akasema, "La Wairimu. Alilinunua ule mwaka ulisema mnakuja." Lilikuwa la mtoto wa miaka saba. Wewe wakati huo umenipita mabega.

Niliporudi niliifunga kadi kwa simu moja, dakika chache tu, mtu hakunibembeleza hata. Mama yako akataka pointi tuzitumie, twende mahali pa jua. Nikakataa, na tukanuniana kwa hilo muda mrefu. Niliziacha zikae bila kuguswa mpaka zikafa. Huo nao ulikuwa ujinga, najua, na ndio maana nasema mama yako ana upande wake.

Kwa hivyo sikukasirikia kadi yako, Wairimu. Wala wewe si mjinga, na naomba unisamehe kwa neno hilo, sikuwa nakuangalia wewe nilipolisema. Ichukue ukitaka. Mwaka wa kwanza bila ada ni mtamu, wanakungoja kwenye ule wa pili, kwa hivyo piga simu kabla haujafika, na uwaulize maswali ya kishamba yote: pointi zangu zinakaa kwa nani, nikifunga nabaki na nini, hakuna kadi ya bure ya kuhamia? Deni lake ulimalize kila mwezi. Usilipie mtu mwingine chochote ili upate pointi, hata akiwa analia, hasa akiwa analia. Na ada ikija jiulize swali moja, mwaka uliopita hii kadi ilinifikisha wapi? Kama kuna mahali ilikufikisha, lipa. Kama jibu lako ni "mwakani," funga siku hiyo hiyo.

Lakini hayo ni mambo ya benki, ungeyasoma kwenye simu yako bila mimi. Kinachonitoa jasho ni ile Krismasi uliyoisema. Uliisema kirahisi sana, ukicheka, na sauti ilikuwa yangu. Mimi pia nilimwambia mama yangu hivyo hivyo. "Mwakani, Mami, tunangoja pointi zitimie." Hakujua pointi ni nini. Niliambiwa na Gathogo kwamba kanisani alikuwa akiwaeleza wenzake, "Wangekuja, ni vile wanangoja pointi," na wanawake wakamwombea, wakidhani ni ugonjwa.

Ule mwaka wake wa mwisho aliacha kuniuliza. Tuliongea kila Jumapili kama kawaida. Aliniambia habari za mvua, za ng'ombe, nani ameoa, nani amekufa. Lile swali hakulirudia. Na mimi nilifurahi, Wairimu. Nilimwambia mama yako hapa hapa jikoni, "Angalau siku hizi Mami hanisumbui."

Sasa kesho unaenda, na mimi nitakuuliza unakuja lini. Nitakuuliza kila Jumapili. Nitakukera mbele ya wenzako, nitakupigia saa mbaya kwa sababu sitaelewa saa za huko. Nijibu vibaya, nikatie simu, nitavumilia. Lakini siku utakayoona tumeongea mpaka mwisho na sikukuuliza, nunua tiketi siku hiyo hiyo, kwa bei yoyote watakayokutajia.

Ni mimi,
Baba yako